Somo: Kuchoma mapema katika misitu ya miombo ya Kilwa

Somo hili ni kwa ajili ya kamati za maliasili zinazosimamia misitu ya hifadhi ya vijiji. Miombo, yaani misitu ya wazi yenye nyasi chini ya miti, haiepukani na moto; tunachoweza kuchagua ni moto upi uipite, na wakati gani. Moto wa mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu shinani, hupita chini na mara nyingi huzimika usiku umande unaposhuka. Moto wa Septemba au Oktoba huua miche na kuunguza magome ya miti mikubwa. Jaribio lililoanza Ndola, Zambia, mwaka 1933 lilionyesha tofauti hiyo wazi: maeneo yaliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi yaligeuka nyika ya nyasi, yaliyochomwa mapema yalibaki na miti yake, na yaliyokingwa kabisa yalisongamana.

Hatua ya kwanza ni kuugawa msitu kwenye ramani ya kijiji kwa kufuata mipaka iliyopo, yaani mito, barabara na mapito. Tengeni maeneo yasiyochomwa kamwe: misitu ya kando ya mito, vichaka vya kijani vya pwani, makaburi na penye mizinga ya nyuki.

Hatua ya pili ni kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uwashaji wa moto, kwa hiyo kamati ipite kwa halmashauri ya kijiji na afisa misitu wa wilaya, kisha iwaarifu majirani, wakiwemo wafugaji na warina asali.

Hatua ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayobeba somo zima, ni kusoma nyasi. Wazee wetu walijua mwezi wa kuchoma, lakini mwezi peke yake hautoshi tena. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa ukanda wa kusini wakati masika yalikuwa yakielekea ukingoni, na mvua ya namna hiyo huchelewesha nyasi kukauka na wakati huohuo huzirefusha, hivyo nyasi za kulisha moto huwa nyingi zaidi kiangazi kinapokolea. Kwa hiyo nendeni msituni kila wiki kuanzia mvua zinapokatika. Ncha zikiwa zimegeuka manjano na shina bado kijani, fyekeni nyasi kuzunguka duara dogo na kuwasha zilizobaki ndani yake: mwali ukitambaa chini na kufa penye unyevu, wakati umefika, ukiruka kufikia kiuno cha mtu, ahirisheni. Mabondeni nyasi hukawia kukauka kuliko mgongoni mwa kilima, hivyo chomeni kwa vipande, wala msitarajie kumaliza msitu kwa siku moja.

Hatua ya nne ni siku yenyewe. Washeni alasiri upepo ukiwa mwepesi, mkianzia penye njia iliyofyekwa, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Kila upande uwe na watu wenye matawi mabichi, pampu za mgongoni na maji ya kunywa. Asubuhi yake rudini kuzima magogo yanayofuka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusipige marufuku moto kabisa?*

Ndugu yangu, marufuku haiondoi nyasi. Kila mwaka usiochoma huongeza majani makavu, na moto wa bahati mbaya kutoka shamba la jirani ukiingia, hutakuwa na pa kuuzuia. Vipande vilivyochomwa mapema ndivyo vinavyoukatiza.

*Mninga unastahimili moto?*

Mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa, kisha siku moja shina hupanda na kudumu. Shina hilo likiunguzwa vibaya kila Oktoba, halipati nafasi ya kuzidi urefu wa miali. Ndiyo sababu kipande chenye miche mingi ya mninga hupumzishwa miaka michache, kikizungushiwa vipande vilivyochomwa mapema.

*Sisi tumechelewa, nyasi zimekauka zote. Tuchome hata hivyo?*

Hapana, dada. Mwaka huu fyekeni njia pana kuzunguka mashamba na mizinga, wekeni zamu ya doria, na muache kiberiti nyumbani hadi mvua zijazo zipite.