Jinsi ya kuandaa matembezi ya hisani kwa skuli ya viziwi hapa Unguja: pesa kwanza, raba baadae

Assalamu alaykum. Hii naiandika kwa yule ambae kasharopoka kwenye grupu la WhatsApp "jamani tufanye matembezi tuwachangie watoto viziwi", watu wote wakamuekea vidole gumba, na sasaivi hajui aanzie wapi. Mimi nishasimamia matembezi ya namna hii hapa mjini, na la kwanza nnalokwambia ni kwamba matembezi yenyewe hayaingizi pesa. Pesa inaingia kabla, wiki sita au saba kabla, na siku yenyewe watu wanakuja kutembea na kufurahi tu. Ukitegemea kupitisha ndoo Jumapili asubuhi utaondoka na sarafu na jua la utosini.

Hatua ya 1: Nenda skuli, usianze na fulana

Watu wanapenda kuanza na fulana mana fulana inaonekana. Wewe nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, kaa na walimu wa viziwi na wazazi wawili watatu, uliza wanataka nini khasa, utoke hapo na orodha yenye bei. Bila ya orodha kila mtu atanunua anachokiwaza yeye, na kinachowajia watu wote kichwani ni shimesikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia. Sio vibaya, ila jua unachokiingilia: betri zake ndogo nyingi zinakwisha ndani ya wiki moja au mbili, kile kiplastiki cha ndani ya sikio kinatengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtoto kwa hivyo akikua hakimkai tena, na unyevu wa kwetu huu unaviua haraka. Pia wapo watoto ambao shimesikio haliwasaidii kitu. Ukinunua vifaa bila ya kuweka fungu la betri na matengenezo, mwakani vyote vipo kabatini.

Mara nyingi utakuta skuli inataka vitu vyengine kabisa. Kengele ya taa, yani ile inayowaka kila darasa kipindi kikibadilika. Projekta. Mapazia, mana mtoto anasoma kwa macho na jua likimpiga usoni, mwalimu ndo kapotea. Na kimoja ambacho mimi nakipigia debe kila pahala: masomo ya lugha ya alama kwa wazazi. Watoto viziwi wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, mtoto anajifunza skuli akirudi nyumbani hana wa kuzungumza nae, na darasa la wazazi siku za Jumamosi gharama yake ni posho ya mwalimu na nauli za kina mama basi.

Hatua ya 2: Kamati iwe na viziwi ndani

Ndani ya kamati, sio kwenye picha ya kamati. Wasiliana na Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu, UWZ, waambie wakupe watu wa kukaa nao tokea kikao cha mwanzo. Hapo hapo andika kwenye bajeti mstari wa kwanza kabisa: mkalimani wa lugha ya alama. Kwa vikao na kwa siku yenyewe, na siku yenyewe wawe wawili, mana ukalimani unachosha akili na kwa kawaida wanapokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Usimfanye mkalimani "ajitolee" wakati mtu wa spika unamlipa.

Kamati watu saba wanatosha. Mweka hazina awe mtu ambae hata wasiompenda wanamuamini.

Hatua ya 3: Tarehe

Ondoa Ramadhani na wiki ya sikukuu zote mbili. Ondoa masika, Machi mpaka Mei, barabara za mjini zikijaa maji hata daladala zinakwama. Kaskazi ya Januari na Februari jua lake sio la kumtembeza mtoto. Unabakia na kipupwe, Juni mpaka Septemba, upepo wa kusi unavuma vizuri. Mimi napendelea mwisho wa Septemba kwa sababu tarehe 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, Umoja wa Mataifa uliipitisha 2017 na ikaanza kuadhimishwa 2018, na wiki hiyo ndo wiki ya viziwi duniani, kwa hivyo redio na magazeti wenyewe wanatafuta habari. Siku iwe Jumapili. Jumamosi skuli na maofisi mengine yana shughuli na Darajani hapapitiki.

Hatua ya 4: Vibali

Hapa haraka haraka. Polisi sheria inataka taarifa ya maandishi isiopungua masaa 48 kabla ya maandamano au matembezi, wewe peleka wiki tatu kabla, na ramani ya njia uichore. Manispaa kwa ajili ya uwanja na usafi. Wizara ya Elimu kupitia mwalimu mkuu kwa sababu unatoa wanafunzi nje ya skuli, na wazazi wasaini fomu, pamoja na ruhusa ya picha. Masheha wa shehia unazopita wapelekee nakala kwa mkono, ukae kidogo, unywe kahawa. Sheha akijisikia kapitiwa juu utamuona siku yenyewe.

Hatua ya 5: Pesa (hapa ndo penyewe)

Kwanza lipa namba na akaunti ya benki. Zote ziwe kwa jina la taasisi, sio la mtu, mana mchangiaji akitaka kutuma simu inamuonesha jina na akiona jina la mtu asiemjua anaghairi palepale. Akaunti iwe na waweka saini watatu, wawili kati yao watie saini ndo pesa itoke.

Halafu fomu za ahadi. Kila mtembeaji anapewa karatasi moja yenye mistari kumi, anazunguka kwa jamaa zake: shangazi buku mbili, bosi ofisini elfu kumi, kaka yupo Muscat anatuma chochote. Tuseme umepata watembeaji 200 na kila mmoja kakusanya elfu thelathini, hiyo ni milioni sita na hujaomba hoteli hata moja. Fomu zirudi wiki moja kabla ya matembezi pamoja na pesa, na fulana inatolewa kwa anaerudisha fomu. Ukitoa fulana mwanzo fomu huzioni tena, fulana utaziona Mwanakwerekwe sokoni.

Mahoteli ya Nungwi, Paje na kwengine yapelekee barua mapema, kabla ya Julai na Agosti wageni hawajajaa, mana meneja wakati huo hasomi barua yoyote. Usiombe pesa tu. Omba maji, matunda, gari la kubebea watoto, au vocha ya kulala usiku mmoja ambayo utainadi siku ya matembezi. Mnada huo unachangamsha watu na unaingiza pesa nzuri.

Misikitini waombe maimamu watangaze baada ya sala ya Ijumaa, ila useme wazi kuwa ni sadaka. Kukhusu zaka ina watu wake na masharti yake, mtu akikuuliza mpeleke kwa masheikh, usijibu wewe.

Na vikundi vya mazoezi! Hawa kila wiki wanakimbia na kuimba barabarani, tarehe 1 Januari ndo bonanza lao kubwa. Wape ushindani, kikundi kipi kitaleta fomu nyingi, kombe la plastiki la elfu ishirini linatosha watu kugombana.

Hatua ya 6: Njia

Kilomita nne au tano zinatosha, kuna watoto. Mimi napenda kuanzia Kisonge pale Michenzani na kumalizia uwanja wa Amaan, unazungushia mitaa ya kati ukitaka kurefusha. Pemba malizieni uwanja wa Gombani. Ipite njia hiyo kwa miguu, saa ile ile na siku ile ile ya wiki, uone magari.

Sasa sikiliza. Mtoto kiziwi hasikii honi, hasikii bodaboda inakuja nyuma, na filimbi ya msimamizi haina maana yoyote kwake. Kwa hivyo alama zote ziwe za macho. Bendera nyekundu juu, wote wasimame. Kijani, twende. Msimamizi mmoja kwa watoto watano, vizibao vya rangi ya kung'aa, na watoto watembee upande wa ndani wa barabara, mbali na magari. Alama hizi wafundishwe skuli siku mbili tatu kabla, na wasimamizi nao wafundishwe na viziwi wenyewe zile chache za lazima: simama, njoo, maji, choo, unaumwa?

Beni ya polisi au ya vikosi ukiipata iweke mbele karibu na watoto, wala usishangae, ile ngoma kubwa wanaisikia kifuani na wengi wanaifurahia kuliko sisi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Watu wakusanyike baada ya Alfajiri, saa kumi na mbili na nusu mnaondoka, saa mbili mmefika. Mgeni rasmi mpangie awapokee mwishoni uwanjani, usimpe kuzindua, mana akichelewa yeye watoto wote wamesimama juani wanamsubiri. Gari ya wagonjwa iwe nyuma ya msafara, maji kwenye madumu na vikombe kila baada ya kilomita moja na nusu hivi.

Jukwaani mkalimani asimame pembeni ya anaezungumza, jua limpige usoni na sio mgongoni, nguo yake iwe ya rangi moja inayoachana na rangi ya mikono. Emsii amuangalie kiziwi anapozungumza nae, asimuangalie mkalimani. Kiziwi mkubwa atoe hotuba yake kwa alama, na mkalimani ndo atoe sauti. Makofi ni kunyanyua mikono juu na kuitikisa, ufundishe uwanja mzima dakika moja. Na mtangazaji asiwaite "mabubu" wala "watoto wetu masikini hawa", mwambie kabla, mana akishika maik hashikiki.

Hotuba tatu, dakika tano tano. Chai, mandazi, maembe kama yapo, watu waende zao.

Hatua ya 8: Hesabu

Ndani ya wiki mbili toa karatasi moja: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, bei ya kila kitu na risiti. Ibandike skuli, itume kwenye grupu, nakala kwa mahoteli na masheha. Vitu nunueni pamoja na mwalimu na mzazi mmoja, vikabidhiwe kwa maandishi, kila kifaa kiandikwe namba na kiingie kwenye daftari la mali za skuli. Kama pesa ni ya masomo ya wazazi usiitoe yote mara moja, ibaki benki itoke kila mwezi, mwalimu akionesha mahudhurio.

Ahadi ambazo hazijalipwa zifuatilie kwa simu, sio kwa meseji. Wengi watakwambia "nimesahau tu", na wakishakata simu wanatuma.