Kumwombea mfanyakazi mgeni kibali cha kazi Tanzania Bara

Hivi karibuni nilimsaidia mwajiri mmoja wa Arusha, mwenye kiwanda kidogo, kumwombea kibali fundi wa mitambo kutoka India. Maombi yake ya kwanza yalikuwa yamerudishwa, na sababu ilikuwa ileile niliyoiona kwa waajiri wengine: Hatua ya 3 hapa chini. Mwongozo huu unahusu Bara, inakotumika Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Zanzibar ina utaratibu wake.

Hatua ya 1: Chagua daraja. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B ni la taaluma zilizoainishwa, C ni la taaluma nyingine, D ni la taasisi za dini na za hisani, na E ni la wakimbizi.

Hatua ya 2: Kusanya pasipoti, wasifu, vyeti, mkataba wa ajira na nyaraka za usajili wa kampuni. Mhandisi aanzie Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Hatua ya 3: Eleza kwa nini si Mtanzania, na nani atairithi kazi hiyo. Kabla ya kuidhinisha maombi, Kamishna wa Kazi anapaswa kuridhika kwamba mwajiri alifanya kila juhudi kumpata mtaalamu wa ndani. Kwa hiyo weka tangazo la kazi lenye tarehe, orodha ya walioomba, na sababu ya kila mmoja kutofaa. Usiandike tangazo lenye masharti yanayomfaa mtu mmoja tu uliyekwisha kumchagua, kwa sababu linasomeka wazi na linawanyima Watanzania nafasi ya haki. Sheria inamtaka pia mwajiri aandae mpango wa urithishaji ujuzi, na hapa ndipo tulipopoteza siku nyingi. Mpango wa kwanza wa yule mwajiri ulisema tu kwamba wazawa watafundishwa. Tuliuandika upya tukaweka jina la fundi Mtanzania atakayekaa na mgeni, elimu yake, mitambo atakayojifunza katika kila robo mwaka, namna atakavyopimwa, na mwezi atakaokabidhiwa kazi. Mtu huyo awe ameajiriwa kweli, na akiacha kazi, mteue mwingine mara moja, kwa kuwa utaulizwa habari zake utakapoomba kuhuisha kibali. Mimi hupendelea mpango huu uandikwe na msimamizi wa karakana, si na mwanasheria, kwa sababu yeye ndiye anayejua kazi inajifunzwa kwa muda gani.

Hatua ya 4: Wasilisha maombi mtandaoni, kisha ulipe kwa kumbukumbu namba utakayopewa. Fungua akaunti kwa barua pepe ya kampuni, kamwe si ya wakala. Wakala akiondoka, taarifa zote huondoka naye.

Hatua ya 5: Omba kibali cha ukaazi Idara ya Uhamiaji. Mfanyakazi wa kuajiriwa huombewa Daraja B la ukaazi, hata kama kibali chake cha kazi ni Daraja C. Madaraja hayo ni ya sheria mbili tofauti, na wengi hujaza fomu kimakosa hapo. Mgeni asianze kazi, hata kwa majaribio, kabla ya kuwa na vibali vyote viwili. Kibali cha kazi kinamfunga pia kwa mwajiri aliyekiomba, hivyo akihamia kampuni nyingine, mwajiri mpya ataanza upya tangu Hatua ya 1.