Unasoma uhasibu? Anza na kikoba cha mtaani kwenu

Ni hivi, wewe unayesoma uhasibu au biashara chuoni usisubiri fildi (mafunzo kwa vitendo) ndo uguse daftari la hela za watu, anza sasa hivi na kikoba, yani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwenu. Chagua kozi moja tu ya semista hii, tuseme ukaguzi, afu muone mwalimu mapema kabla hajagawa kazi za kozi weki, muombe uandike kuhusu kikundi halisi. Akikubali chukua barua ya utambulisho chuoni, ipitie kwa mtendaji wa mtaa, ndo uende kwa mwenyekiti wa kikundi.

Wiki tatu za mwanzo kaa usikilize tu, hapa naomba sana. Sanduku la hela lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, linafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, hisa (akiba ya kila mwanachama) huku, mfuko wa jamii (wa misiba na dharura) huku. Yani ule udhibiti wa ndani tunaokariri darasani akina mama wanaufanya pale mkekani kila wiki. Mimi nilienda na laptop nikawahi kujaza, nikaingiza faini kwenye hisa, ikapishana na sanduku kwa shilingi 20,000, aliyegundua ni mama mmoja ambaye haandiki kabisa, hisa za kila mtu anazo kichwani.

Ukishazoea waulize wanakwama wapi. Mara nyingi ni makaratasi. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya Tanzania ya 2018 inataka vikundi visajiliwe, na halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, sasa bila katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi hupati kitu, na hayo yote mwanafunzi wa uhasibu anaweza kukaa nao wakayaandaa pamoja.

Usishike hela wala ufunguo, hata wakikuamini vipi. Majina ya wanachama yasionekane kwenye ripoti. Logibuku (daftari lako la kumbukumbu) andika usiku huohuo, upande mmoja ulichokiona, upande wa pili kozi inasemaje, ukilala nayo siku mbili imepotea.

Wiki za UE (mitihani ya mwisho wa semista) waage mapema wasikusubiri. Na ripoti ikiisha, kabla hujaikabidhi chuoni, rudi mkekani uwasomee kwa Kiswahili, palipokosewa watakwambia hapohapo.