Kabla hujabadilisha kioo cha mbele

Wenye Toyota Axio na Fielder za kuanzia 2015 zilizokuja na Toyota Safety Sense (mfumo wa kusaidia kuzuia ajali), chungulieni sehemu ya juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Kile kiboksi cheusi kina kamera na leza. Ndiyo macho ya gari: yanasoma mistari ya barabara na kusaidia breki gari la mbele likisimama ghafla.

Mimi jiwe la lori lilinipasulia kioo, nikafuata cha bei poa. Fundi akapachika vizuri tu, halafu kwa ukarimu wake akanibandikia tinti ya bure juu. Kufika barabara kuu, taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya ajali inawaka na haizimi. Tinti ilikuwa imeziba kamera! Tukaibandua, na bado ikabidi nitafute mwenye mashine ya kuipima kamera upya, maana kioo kikibadilishwa kamera huweza kuangalia pembeni kidogo tu na ikakosea.

Kwa hiyo muulize muuzaji kama kioo kina kishikio cha kamera na sehemu yake haina rangi, na muulize fundi nani ataipima, kabla hujatoa hela. Stika zibandike mbali na hapo.

Na ile milio ya kukuonya kuwa unahama mstari, inayolia barabara ikiwa na viraka vya lami? Hiyo si ubovu. Kuna kitufe cha kuizima.