Uhame au ubaki? Maneno ya dereva wa kirikuu wa Tanga

Mamlaka ya Hali ya Hewa wakishatangaza upepo mkali, simu yangu haipumziki. "Baba Mwana, uko wapi? Njoo utuhamishe." Nikiuliza mnahamia wapi, kimya. Mimi naegesha kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, hapa Ngamiani mjini Tanga, kazi yangu ni kubeba vyombo vya watu, na nikwambie kitu: wengi wanatafuta gari kabla hawajajua wanakwenda kwa nani. Anza na mahali. Nyumba ya nani, iko juu au bondeni, mtalala wangapi, na mwenyewe amekubali? Ukishapata majibu hayo, mara nyingi utakuta unakwenda kwa shemeji mitaa mitatu kutoka kwako, na miguu inatosha.

Halafu jiulize unakimbia nini, maji au upepo, maana dawa zake ni mbili tofauti.

Upepo mtupu, kama nyumba yako ni ya tofali, bati limepigiliwa sawasawa na hakuna mnazi ulioinamia paa, kaa ndani. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, jirani yangu alitaka niwapeleke wanawe Segera. Hiyo ni kama kilomita 70. Nikamuuliza, unawatoa watoto chini ya zege unawaweka chini ya turubai langu, tupite kwenye miti inayoyumba, kwa sababu gani? Hela yake sikuichukua. Kimbunga kiliingia nchi kavu kule Mafia tarehe 4, na taabu kubwa ikawa kusini: mvua ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, abiria wakakwama njiani. Aliyekuwa kwake alikuwa na jiko na choo. Aliyekuwa kwenye basi alikuwa na kiti tu.

Kuna wanaonijibu kwamba hata kimbunga Jobo, Aprili 2021, tulitishwa kikafifia kabla ya kutufikia. Ni kweli kilififia. Lakini mimi siku hiyo nilijaza tangi na kukaza kamba za turubai, na mafuta yale sikuyamwaga, niliyatumia wiki iliyofuata.

Maji ni habari nyingine. Nyumba ya udongo, nyumba ya bondeni, nyumba iliyo ukingoni mwa mto au mfereji mkubwa, hiyo usiibishie. Kwa walio karibu na ufuko, angalieni pia mwezi: mvua kubwa ikikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakijaa baharini mifereji haina pa kumwaga. Chukua jiwe, liweke pale maji yalipofika, rudi baada ya nusu saa. Jiwe likizama, ondokeni sasa hivi, msingoje futari wala mechi iishe. Na kama ni alasiri, hesabu giza. Kwetu saa moja jioni huoni tena shimo wala nguzo iliyolala, na mimi baada ya saa hiyo sipokei kazi ya kuhamisha.

Sasa tuje kwenye vyombo vya usafiri.

Baiskeli watu wanaidharau, na sisi Tanga ndio mji wa baiskeli! Usiipande, isukume. Mfuko wa unga kwenye keria, dumu la lita 20 la maji upande mmoja, nguo upande wa pili, watu wanatembea pembeni. Haitaki mafuta, haikai foleni, na ikibidi unaitupa na kuendelea na safari. Guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, nalo zuri kwa mzee asiyeweza kutembea, mradi njia iwe tambarare.

Bodaboda ni ya mtu mmoja mwenye haraka: mgonjwa anayeweza kujishika, au kijana anayetangulia kuandaa mahali. Baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja kwenye tope, hapana. Bajaji mimi naiogopa zaidi kwenye upepo. Ni nyepesi, ina magurudumu matatu, na kitambaa chake pembeni kinashika upepo kama tanga la mashua. Kabla mvua haijakaza, sawa.

Noah na daladala zinabeba wengi, ila dereva naye ana familia. Ukimpigia dakika ya mwisho yuko kwake anapakia watoto wake. Elewaneni siku ya jua, bei iwe imetajwa. Nimewahi kuona mtu akidaiwa mara nne ya nauli huku maji yako magotini, na akalipa, angefanyaje?

Kirikuu changu nakijua kuliko mke wangu anavyonijua mimi. Kina uwezo wa kubeba, lakini kiko chini. Mwaka mmoja wa masika nilifika kwenye daraja la chini, maji yanapita juu yake, nikaona basi limepita, nami nikajitia. Katikati injini ikanywa maji, ikazima kwa mkupuo mmoja, tak. Konrodi ilipinda. Niliuza friji kulipa fundi. Na hapo nilikuwa na bahati, maana maji ya sentimita 30 tu yanayokwenda kasi yanatosha kuinua gari dogo, sentimita 60 yanabeba hata kubwa. Mtu mzima anaweza kuangushwa na maji hayo ya kasi ya sentimita 15, hayafiki hata nusu ya muundi. Basi lilipita kwa sababu ni basi, na siku nyingine nalo lisingepita. Siku hizi nisipoiona lami, nageuza. Abiria akinuna, anune.

Mashua na ngalawa: wakati wa dhoruba usithubutu, hata nahodha awe mjomba wako. Maji yakishatulia mtaani, mtumbwi wa mvuvi anayejua kazi unaweza kuwatoa watu mmoja mmoja, bila mizigo.

Kuhusu njia. Kutoka mjini wengi hukimbilia Kange, Pongwe, Muheza. Muheza kwenda na kurudi nikiwa na mzigo natenga lita saba, na nazinunua kabla foleni ya mafuta haijaanza. Mvua ikiwa ndiyo adui, usipande milima ya Amani kwa kudhani juu ndiko salama. Mlima nao unaporomoka. Njia ya Pangani inafuata pwani, hiyo ndiyo unayoikimbia.

Mgonjwa na mjamzito ndio wa kwanza kuondoka, siku moja kabla ikiwezekana, wakae karibu na hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nao. Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akizidiwa, piga 115, ndiyo namba ya M-mama, wanatafuta usafiri na hulipii simu. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziandikeni ukutani kwa mkaa, simu huzima.

Mnaobaki: zimeni swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye soketi, fungeni gesi, jazeni ndoo na madumu, mlale chumba kisicho na dirisha kubwa. Vitambulisho, kadi za kliniki na dawa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko. Basi.

Jambo ambalo hakuna anayelihesabu ni muda wa kumtoa mtu nyumbani. Shangazi yangu ana kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi. Mara ya kwanza tulidhani dakika kumi. Ilikuwa dakika 40, kuanzia kitandani hadi kwenye gari. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, tukampitisha kanga kifuani na kuifunga nyuma ya kiti, watu wawili mbele, wawili nyuma. Mlangoni kiti hakikupita, ikabidi tung'oe ubao wa fremu. Kwenye gari godoro liko chini, kichwa chake upande wa kabini, wajukuu wamekaa sakafuni pembeni wameshika kingo. Hakuna anayekaa juu ya mizigo. Friji na kabati vilibaki.

Tulipowasha gari akaanza kulia anamtaka jogoo wake. Nikazima, nikashuka, nikamfukuza jogoo uani kwenye matope mpaka nikampata. Sasa hivi, tangazo likitoka tu, jogoo ndiye anayekamatwa kwanza, anafungwa miguu na kuwekwa kwenye tenga karibu na mlango, ndipo tunaanza kuhangaika na kiti.