Kukunja kondiuti ya chuma bila kuibonyeza

Ukitaka kona ya nyuzi 90 ya kondiuti, yaani bomba la kupitishia nyaya za umeme, isimame inchi 12 kutoka sakafuni, usiweke alama kwenye inchi 12. Mashine ya mkono ya kukunjia hula sehemu ya bomba inapozunguka: kwa kondiuti nyepesi ya nusu inchi hula inchi 5, ya robo tatu inchi 6, ya inchi moja inchi 8. Kwa hiyo 12 toa 5, pima inchi 7 kutoka kwenye ncha, kisha ulinganishe alama na mshale wa mashine, ndoano yake inayoshika bomba ikitazama ncha uliyopimia. Kama kichwa cha mashine kimeandikwa kipimo tofauti, fuata hicho.

Laza bomba kwenye sakafu ngumu. Likiwa na mshono wa kulehemu, mshono ukae ubavuni. Kanyaga kikanyagio cha mashine kwa uzito wako wote, mikono iongoze tu mpini. Hapa ndipo mabomba mengi huharibika: mguu ukiwa mwepesi, bomba hunyanyuka kutoka kwenye mfereji wa mashine na ukuta wa ndani wa kona hubonyea. Pitisha dole gumba tumboni mwa kona; ukihisi bonde, kata kipande hicho ukitupe. Usijaribu kukinyoosha na kukikunja upya palepale, maana chuma kimeshachoka. Pitiliza nyuzi 90 kidogo tu, kwa sababu ukiliachia bomba hujirudi.

Kuruka kikwazo, tumia mikunjo miwili ya nyuzi 30. Zidisha kimo cha kikwazo kwa 2 upate umbali kati ya alama: kikwazo cha inchi 4, alama ziachane inchi 8. Bomba litapungua robo inchi kwa kila inchi ya kimo, yaani inchi 1 nzima hapa. Iongeze kabla ya kukata. Chora mstari mrefu juu ya bomba kabla ya mkunjo wa kwanza. Ukiligeuza kwa mkunjo wa pili bila mstari huo, litakwenda upande na halitalala ukutani.

Mikunjo yote kati ya boksi mbili za umeme isizidi jumla ya nyuzi 360, la sivyo waya utakwama. Na kila unapokata, piga tupa mdomo wa ndani mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Ukingo mkali uliobaki huchana ganda la waya wakati wa kuvuta, na hutaona uharibifu huo mpaka umeme uwashwe.