SOMO: Umeumia kazini kwenye ambulansi? Fuatilia fidia yako hivi

Wadau wa Tanga, swali hili nimelijibu kwa simu hadi nimechoka. Naliandika mara moja, mpelekeeni na mwenzenu.

Hatua ya 1: Tibiwa. Daktari aandike kwenye faili kwamba umeumia ukiwa kazini.

Hatua ya 2: Mpe mwajiri taarifa KWA BARUA. Hapa ndipo nilipokosea. Tulikuwa tunamkimbiza mama mjamzito kutoka Muheza, gari likaacha njia kabla ya Pongwe, mkono wangu wa kulia ukavunjika. Nilimpigia msimamizi nikiwa kitandani. "Pole, tutashughulikia." Miezi minane baadaye ofisini hakuna hata karatasi moja, na yeye keshahama. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari na walioshuhudia. Nakala mbili; moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Mwajiri ana siku 7 kuufikishia taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Akikaa kimya, nenda mwenyewe. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki imepotea. Mimi nilikuwa nimebakiwa na minne.

Hatua ya 3: Tunza hati za mshahara. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24.

Hatua ya 4: Matibabu yakiisha, unapimwa kiwango cha ulemavu. Usiozidi asilimia 30 ni mkupuo. Ukizidi hapo, pensheni ya kila mwezi.

MASWALI

— Mkuu, mimi nitapata shilingi ngapi?
Mshahara hujataja, asilimia hujataja. Rudia hatua ya 3 na ya 4.

— Si ndiyo ile ile NSSF tunayokatwa?
Siyo. Mchango wa WCF anatoa mwajiri peke yake, kwako haikatwi hata senti.

— Kaka, mimi nesi. Sindano ya mgonjwa ilinichoma ndani ya gari. Inahesabika?
Inahesabika, dada, na umefanya vizuri kuuliza. Toa taarifa leo leo, upimwe VVU leo: majibu ya leo ndiyo yatakayoonyesha ulikuwa salama kabla. Dawa za kinga zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usione haya, nenda sasa hivi.

— Nimeanza dawa, kaka. Asante sana. Risiti nazo nitunze?
Zote. Ila zile za mashine wino hufifia, zitolee kopi mapema.